Robinson, Ali, Mayweather au Pacquiao: chagua mizani kwanza, bondia baadaye

Ubishi wa nani bondia bora wa muda wote hauishi kwa sababu wabishi hawapimi kitu kimoja. Mmoja anataja 50-0 ya Mayweather, ushindi 50 bila kipigo. Mwenzake anamjibu kwa Kinshasa, Ali alikomlaza George Foreman. Wa tatu anahesabu mikanda ya Pacquiao ya ngazi nane za uzito. Mzee aliyekaa pembeni anawaambia wote hawajui kitu, hawakumwona Sugar Ray Robinson (na yeye pia hakumwona, tutafika huko). Kila mmoja ana hoja, ila ni sawa na kulinganisha debe la mahindi na mita ya kitambaa.

Hapa tumewachukua hao wanne ambao majina yao hayakosekani kijiweni, tukawapitisha kwenye vigezo vilevile. Mshindi hatutamtangaza.

Vigezo vyenyewe, na namna vinavyopotosha

Kigezo cha kwanza: alimpiga nani, na lini. Jina peke yake halitoshi. Angalia umri wa mpinzani siku ile, uzito aliopima, na alichofanya katika mapambano mawili kabla na mawili baada. Kwetu hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote, na ndicho kinachodanganya zaidi kikisomwa haraka.

Cha pili ni kilele, yaani bondia alikuwaje katika miaka yake mitatu minne bora. Cha tatu ni uzito: alipanda ngazi ngapi, na kila ngazi ilikuwa na maana gani. Enzi za Robinson ngazi zilizohesabika zilikuwa nane tu, kwa kawaida kila moja na bingwa mmoja. Leo kuna ngazi 17 zinazotambuliwa na mashirika yote manne makubwa, WBA, WBC, IBF na WBO, kwa hiyo mikanda inaweza kufika 68 kabla hujahesabu ile ya muda. Henry Armstrong alipokuwa bingwa wa unyoya, mwepesi na welta kwa wakati mmoja mwaka 1938, alikuwa ameshika tatu kati ya nane za dunia nzima. Anayesema "bingwa wa ngazi tatu" leo hasemi kitu hichohicho.

Cha nne ni vipigo: alipigwa na nani, akiwa katika hali gani, na akafanya nini baadaye. Cha tano ni kudumu.

Umaarufu nje ya ulingo tumeuweka kando, na tutasema kwa nini.

Alimpiga nani, na lini

Kila mmoja wa wanne hawa ana jina moja kubwa kwenye rekodi yake lisilo na uzito linalodhaniwa kuwa nao. Robinson alimpiga Armstrong huyohuyo Agosti 1943, lakini Armstrong alikuwa ameshatumika, mapambano zaidi ya 150 yamo mwilini. Ali alimpiga Archie Moore Novemba 1962. Moore alikuwa ameshapita miaka 45. Mayweather alimpiga Shane Mosley Mei 2010, Mosley akiwa na miaka 38. Pacquiao alimmaliza Oscar De La Hoya Desemba 2008, na De La Hoya alikuwa amejikondesha kurudi welta, uzito ambao hakuupigania tangu 2001. Alibaki kwenye kiti baada ya raundi ya nane na hakupanda ulingoni tena. Ukimwona mtu anaanza hoja yake na mojawapo ya hayo manne, mwagizie chai, msubiri amalize.

Sasa yale yenye uzito. Robinson alipigana na Jake LaMotta mara sita akashinda tano, na LaMotta alikuwa mzito kuliko yeye. Alimpiga Kid Gavilán mara mbili, 1948 na 1949, kabla Gavilán hajawa bingwa, na Bobo Olson mara nne. Akiwa uzito wa kati alirudisha mkanda kutoka kwa Randy Turpin, Gene Fullmer na Carmen Basilio, wote wakiwa mabingwa wenye nguvu zao.

Ali ana orodha nzito kuliko bondia yeyote wa uzito wa juu: Sonny Liston, Floyd Patterson, Joe Frazier mara mbili, Ken Norton mara mbili, Ron Lyle, Earnie Shavers. Lakini pambano moja linasimama peke yake. George Foreman aliingia Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974 akiwa na miaka 25, ushindi 40 bila kipigo, 37 kwa KO, yaani kummaliza mpinzani kabla ya kengele ya mwisho. Frazier na Norton, wale wawili waliokuwa wamempiga Ali, Foreman alikuwa amewamaliza kila mmoja ndani ya raundi mbili. Ukitumia kipimo cha "nani, na lini", hakuna ushindi mmoja kwenye ukurasa huu unaoupita huo.

Kwa Mayweather tatizo ni neno "lini". Diego Corrales mwaka 2001 alikuwa 33-0, akaangushwa mara tano. Huo ni ushindi wa daraja la juu kabisa, na mashabiki wake wenyewe huusahau. Canelo Álvarez mwaka 2013 alikuwa hajapigwa, ila alikuwa na miaka 23 na alilazimika kushuka hadi ratili 152 za makubaliano, mbili chini ya kikomo cha ngazi yenyewe. Juan Manuel Márquez alipandishwa kutoka uzito mwepesi, na Mayweather mwenyewe akapima ratili 146 badala ya 144 walizokubaliana. Pacquiao alikuja Mei 2015, wakati watu walianza kulidai pambano hilo tangu 2009. Mmoja alikuwa na miaka 38, mwingine 36. Matokeo hayana ubishi, pointi 116-112, 116-112 na 118-110, lakini tarehe inayo.

Pacquiao alimpiga Marco Antonio Barrera mwaka 2003 wakati wengi hawakumpa nafasi, akamsimamisha Érik Morales mara mbili 2006, halafu Ricky Hatton na Miguel Cotto mwaka 2009. Julai 2019, akiwa na miaka 40, alimwangusha na kumshinda Keith Thurman aliyekuwa hajapoteza pambano hata moja.

Kilele

Hapa Robinson anatupa shida ya pekee. Kilele chake ni uzito wa welta, 1943 hadi 1950, na picha za filamu za miaka hiyo karibu hazipo. Tunachotazama ni Robinson wa uzito wa kati, mtu aliyekwisha kupigana zaidi ya mara 100. Hata huyo anatisha. Tarehe 1 Mei 1957, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 36, alirudiana na Fullmer aliyekuwa amempiga Januari. Katika raundi ya tano akamchapa mkono wa kulia mbavuni, mara moja, mara ya pili. Fullmer akaanza kushusha kiwiko kulinda mbavu, na kidevu kikabaki wazi kwa upana wa kiganja. Robinson, huku akirudi nyuma, akapitisha ngumi ya kushoto ya kupinda hapo hapo. Tazama miguu yake sekunde hiyo: uzito uko kwenye mguu wa nyuma, na bado ngumi ikamlaza mtu aliyekuwa hajawahi kuhesabiwa hadi kumi.

Ali ni wawili, na kosa kubwa la mashabiki wake ni kuwaunganisha. Ali wa 1964 hadi 1967 alikuwa na miguu. Angalia alivyomfanya Cleveland Williams Novemba 1966. Kisha akafungiwa miaka mitatu na nusu kwa kukataa kujiunga na jeshi. Aliyerudi Oktoba 1970 alikuwa mzito zaidi na mwepesi wa kupigwa, lakini na moyo ambao wa kwanza hakuwahi kulazimika kuuonyesha. Miguu ya 1966 na moyo wa 1974 havikuwahi kukaa katika mwili mmoja siku moja.

Kinshasa, kuanzia raundi ya pili, aliegemea kamba zilizolegea, viwiko vimebana mbavu, ngumi mbele ya uso, akainamia nyuma nje ya ulingo. Foreman alipiga mikono na hewa. Saa zilikuwa za alfajiri, kwa sababu pambano lilipangwa lionekane Marekani jioni, na joto la Kinshasa halijali saa. Kufika raundi ya nane Foreman hakuwa anapiga tena, alikuwa anasukuma. Ali akajinasua kambani, ya kushoto ikainua kichwa, ya kulia iliyonyooka ikafuata. Foreman alipokuwa anazunguka kuanguka, Ali alikuwa na mkono wa kulia tayari na hakuurusha. Zilibaki sekunde mbili raundi iishe.

Mayweather naye ni wawili. Wa kwanza, kilo 59, alikuwa anamalizia watu. Wa pili, wa welta, alijifungia: bega la kushoto juu, mkono wa kushoto kiunoni, wa kulia shavuni. Mkono wa kulia wa mpinzani unagonga bega na kuteleza, jibu lake ni ngumi ya kulia iliyonyooka kabla mpinzani hajarudisha mkono. Mfumo huu una tundu: mpinzani wa mkono wa kushoto anapiga kutoka upande ambao bega halifuniki. Ndiyo maana dhidi ya Pacquiao, mtu wa mkono wa kushoto, hakulitegemea sana bega, alitangulia yeye na mkono wa kulia kisha akaondoka. Gharama ya kujilinda hivyo inaonekana kwenye namba: tangu amsimamishe Hatton Desemba 2007, katika mapambano 11 alimaliza wawili tu kabla ya kengele ya mwisho, Victor Ortiz na Conor McGregor, na McGregor lilikuwa pambano lake la kwanza la ngumi za kulipwa.

Kilele cha Pacquiao ni kifupi na kikali: Machi 2008 hadi Novemba 2010, miezi 32, mataji katika ngazi tano. Mguu wake wa kulia unakanyaga nje ya mguu wa kushoto wa mpinzani, mkono wa kushoto unapita katikati, na kabla hujajibu ameshahama upande. Baada ya Cotto, hakumsimamisha mtu hadi 2018.

Uzito

Pacquiao anaongoza, na si kwa kidogo: kutoka kilo 50.8 mwaka 1998 hadi mkanda wa WBC wa super welta, kilo 69.85, mwaka 2010. Lakini zisome hizo nane kwa macho mawili. Taji la unyoya kwa Barrera lilikuwa la jarida la The Ring, si la mashirika manne. Mkanda wa super welta ulikuwa wazi, pambano likafungwa kwa ratili 150, na yeye alipima 144.6, chini ya kikomo cha welta. Antonio Margarito alikuwa mkubwa kwake kwa kila kipimo, kwa hiyo ukweli huo unapunguza thamani ya mkanda na kuongeza thamani ya ushindi. Ndivyo hesabu za uzito zilivyo.

Mayweather ana ngazi tano, 59 hadi 69.85. Ali ana moja, na kumlaumu kwa hilo ni kichekesho: uzito wa juu hauna dari.

Robinson ana mbili na nusu. Hiyo nusu ni tarehe 25 Juni 1952, Yankee Stadium, dhidi ya Joey Maxim, bingwa wa uzito wa juu mwepesi (light heavyweight), ngazi moja juu ya uzito wa kati. Robinson alipima kilo 71, Maxim 78. Chini ya taa joto lilikaribia nyuzi 40. Mwamuzi Ruby Goldstein alishindwa na joto, akabadilishwa baada ya raundi ya 10. Robinson aliongoza kwa majaji wote. Raundi ya 13 alirusha ngumi ikakosa, akaanguka mwenyewe. Kengele ya 14 ilipolia hakuweza kuinuka kwenye kiti. Katika mapambano karibu 200, ndiyo mara pekee aliyosimamishwa.

Vipigo

Sifuri ya Mayweather ni kweli, lakini ni kipimo dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Inakwambia hakupigwa, haikwambii nani angempiga. Ukitaka kuipima, tafuta usiku aliokaribia zaidi: José Luis Castillo, Aprili 2002, ambapo wengi waliotazama walimpa Castillo, na Marcos Maidana, Mei 2014. Wote wawili aliwapa marudiano mwaka huohuo, na mara zote mbili alishinda kwa uwazi zaidi. Hilo kwetu lina thamani kuliko sifuri yenyewe.

Robinson ana vipigo 19, na hapa ndipo vijana humcheka bila kusoma tarehe. Vitatu tu ndivyo vya kabla hajastaafu mara ya kwanza mwishoni mwa 1952: LaMotta, Turpin, Maxim. Vingine 16 ni vya baada ya kurudi 1955, hadi alipoacha kabisa 1965 akiwa na miaka 44. LaMotta alimpiga 5 Februari 1943; Robinson akapigana na Jackie Wilson tarehe 19, akampiga LaMotta tarehe 26. Siku 21, mapambano matatu. Leo bondia akipigwa, siku 21 ni za kuandika taarifa kwa waandishi.

Ali alipigwa mara tano. Frazier, Norton na Leon Spinks aliwarudishia. Larry Holmes 1980 na Trevor Berbick 1981 hakuwarudishia, na hakupaswa kuwa ulingoni nao. Wapo pia wanaoamini majaji walimbeba 1976 dhidi ya Jimmy Young na katika pambano la tatu na Norton. Mpenzi wa Ali mkweli huyataja kabla hajaulizwa.

Pacquiao amepoteza nane, vitatu kwa KO. Cha 1999 alipoteza mkanda kwenye mizani kabla hajaguswa, kwa kushindwa kufikia uzito. Kipigo cha Márquez, Desemba 2012, kinahesabika sana: raundi ya sita, sekunde za mwisho, Pacquiao akaingia kwa pupa, akakutana na mkono wa kulia. Hawakurudiana tena.

Kudumu

Kwa haraka. Robinson miaka 25. Ali 21, ikiwemo ile aliyonyang'anywa katika umri wake bora. Mayweather bingwa akiwa na miaka 21, akiondoka na mikanda akiwa na 38, na kwa kukaa kileleni bila kuteleza hana mwenzake hapa. Pacquiao, taji la kwanza 1998, Thurman 2019.

Kwa nini umaarufu hatukuupima

Kwa sababu Ali angeshinda kabla hatujafungua rekodi. Kinshasa walimwimbia "Ali boma ye", yaani "Ali, muue" kwa Kilingala. Mwaka 1980 Rais Carter alimtuma Afrika kushawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, akafika Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akakataa kumwona. Kutumiwa bondia kwa jambo kama hilo hakukumpendeza. Hayo ni makubwa, lakini si ngumi.

Kwa hiyo, umchague nani?

Ukiamini kwamba ubora ni kupigana mara nyingi na wazuri wengi, na uko tayari kuamini maandishi pale filamu inapokosekana, wako ni Robinson. Usiyeamini usichokiona, huyu atakusumbua.

Ukiona ushindi mmoja wa mlima una uzito kuliko vichuguu kumi, chukua Ali. Ukithamini kutokosea, kusoma mpinzani katikati ya pambano na kurekebisha, Mayweather anakufaa, mradi uwe tayari kujibu maswali ya tarehe. Na anayependa mtu mdogo anayemfuata mkubwa hadi kwake, akipigwa na kurudi, huyo ni wa Pacquiao.

Kama ubishi umekolea, fanyeni hivi. Kila mmoja aandike ushindi kumi bora wa bondia wake. Kila ushindi upewe alama 0 hadi 3: moja kama mpinzani alikuwa kati ya miaka 23 na 32, moja kama alikuwa bingwa au aliwahi kuwa ndani ya miaka miwili, moja kama alipigana katika uzito wake wa kawaida. Mtashangaa majina makubwa yanavyopata sifuri na yasiyotajwa yanavyopata tatu. Ubaya wa njia hii ni kwamba inawaonea wakongwe waliobaki wakali, kama Pacquiao mwenyewe wa 2019. Wekeni nafasi mbili za hiari.

Kama wewe ni kocha unayetafuta cha kumwonyesha kijana, sahau orodha. Kijana mfupi wa mkono wa kushoto atazame miguu ya Pacquiao dhidi ya Hatton na Cotto. Anayejifunza kuunganisha ngumi atazame Robinson na Fullmer, polepole. Bega la Mayweather lisubiri hadi mikono juu iwe mazoea, maana anayeiga mkono wa kiunoni bila macho yale hula ngumi za kushoto. Ali wa 1966 asiigwe na anayeanza kabisa: kuinamia nyuma na mikono chini kulimfaa mtu mrefu mwenye miguu ile, na hata yeye ngumi ya kushoto ya Frazier ilimkuta hapohapo, raundi ya 15, mwaka 1971.

Na kama mnabishana uzito wa juu peke yake, watatu wanatoka mezani mara moja. Anayeingia kukaa mbele ya Ali ni Joe Louis, aliyetetea taji mara 25 kati ya 1937 na 1949, na hapo mnaanza tena na kigezo cha kwanza: hao 25 walikuwa nani, na lini.